Alikuja Kuomba Kura

Sebule ya mbele ya nyumba ya Durie haikufunguliwa ovyo. Ilifunguliwa kwa mchungaji, kwa msiba, na kwa mwanamume aliyekuja kuposa. Kwa hiyo Jumamosi ile, baada ya Magnus Rintoul kutuma salamu jana yake kwamba angefika, Mama Durie alipotoa ufunguo kabatini saa nane mchana na kuanza kufuta vumbi, hakuna aliyeuliza nani amekufa.

"Una hakika umemwona mwenyewe?" Effie alimwuliza mdogo wake kwa mara ya tatu.

"Kwa macho yangu haya mawili," Jean akajibu huku akiiba biskuti ya siagi kwenye sahani. "Yuko hapo kwa kina Dunbar, anakuja huku. Kavaa koti jeusi la kanisani. Jumamosi, Effie! Mwanamume gani anavaa koti la kanisani Jumamosi?"

"Labda ana baridi."

"Ana mapenzi, siyo baridi. Kaa utulie nikufunge hizo nywele."

Effie alikaa, lakini kutulia kulimshinda. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka minne Magnus Rintoul alikuwa akimsindikiza kila Jumapili kutoka kanisani hadi kwenye lango la nyumba yao. Hadi langoni tu, si hatua moja zaidi. Alimshika mkono mara moja, siku njia ilipoganda barafu, na Effie aliomba barafu irudi majira mawili ya baridi yaliyofuata. Mji mzima wa Strathlorne ulikuwa umeshachoka kuwasubiri.

Magnus alifika pale bandarini miaka sita kabla, mwaka dhahabu ilipoonekana milimani, akiwa na mzigo mgongoni: mishumaa, viatu, karai za kuchekechea mchanga. Alipanda milimani kwa miguu kuwauzia wachimbaji, na wenzake waliotafuta dhahabu waliporudi mikono mitupu, yeye alirudi na mtaji. Sasa alikuwa na ghala la unga lililojengwa kwa mawe karibu na gati, na Jumatano inayofuata alikuwa anagombea kiti cha Baraza la Jimbo. Mpinzani wake alikuwa Bwana Laidlaw, mwenye kondoo elfu nne na kiti hicho hicho tangu kilipoanzishwa.

Mgeni alipobisha hodi, Mzee Ebenezer Durie alikuwa ameshavaa koti lake na kusimama mbele ya moto. Alikuwa fundi wa mapipa na mzee wa kanisa, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso ule ule. Hakumpenda Rintoul na hakuwahi kulificha hilo. Hata hivyo mtu akija kwa heshima hupokewa kwa heshima.

"Karibu, Bwana Rintoul. Keti."

"Ahsante, mzee. Mama, shikamoo. Binti Durie." Magnus alimtazama Effie, macho yao yakakutana, na masikio ya mwanamume yule mrefu yakawa mekundu. Effie akayashusha macho yake kwenye zulia.

Magnus alikohoa. Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mzee Durie, nimekuja na ombi. Najua mimi na wewe hatujawahi kupatana sana."

"Hatujawahi," Mzee Durie alikubali.

"Lakini nadhani unajua mimi ni mtu wa namna gani. Ninachoomba si kidogo. Mtu hawezi kukitoa mara mbili."

Mama Durie alikuwa ameshatoa leso. Nje ya mlango, ubao ulilia chini ya miguu ya Jean.

"Sema, kijana."

"Naomba kura yako siku ya Jumatano."

Mama Durie aliishusha leso mapajani taratibu. Mzee Durie, ambaye alikuwa amejiandaa kukataa jambo moja, alijikuta hana neno la kukataa jambo jingine.

"Kura," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja kwenye sebule hii, na koti hilo, kuomba kura."

"Nakwenda nyumba kwa nyumba," Magnus alieleza, na sasa alionekana kuhisi kwamba kuna kitu kimeharibika ila hajui ni nini. "Kwa kufuata orodha ya wapiga kura, ili asiseme mtu nimempendelea huyu au yule. Jana nilimaliza herufi C. Leo asubuhi nimeanza Dalgleish, kisha Dewar, kisha Dunbar..."

"Kisha Durie," akasema Effie.

"Kisha Durie," Magnus akamalizia kwa sauti ndogo.

"Kura yangu nilishamwahidi Bwana Laidlaw," Mzee Durie alisema. "Ahadi ni deni."

"Naiheshimu ahadi yako, mzee."

"Biskuti, Bwana Rintoul?" Mama Durie aliuliza, kwa sauti ya mama aliyeamka alfajiri kupika biskuti za posa. Na Mola amsamehe, mwanamume yule alikula tatu, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

Effie alisema atamsindikiza mgeni. Alimsindikiza kwa hatua za haraka hivi kwamba Magnus alilazimika kumfuata huku anavaa kofia. Walipofika langoni aligeuka, na upepo wa kusini ukamvuruga zile nywele ambazo Jean alizihangaikia.

"Unajua sebule ile hufunguliwa lini?"

"Effie, mimi..."

"Jibu. Unajua?"

Magnus aligeuka. Ndipo akaitazama ile nyumba, dirisha la mbele na pazia lake lililovutwa, na Effie aliona jambo lilivyomwingia, polepole, kama mtu anayegundua kwamba amekaa kwenye kofia ya mchungaji.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Biskuti zile."

"Tangu alfajiri! Mama yangu ana maumivu ya mabega, na ameamka alfajiri. Mdogo wangu ametumia nusu saa kwenye nywele hizi. Baba amevaa koti. Nawe umekuja kwa sababu umefika herufi D!"

"Sikufikiri."

"Hukufikiri. Basi sema kitu kimoja cha kweli, Magnus Rintoul. Unanitaka au hunitaka?"

Hakuna mwanamke wa Strathlorne aliyewahi kuliuliza swali hilo barabarani mchana, na huenda kwa kina Dunbar walilisikia. Effie hakujali. Magnus alivua kofia tena.

"Nimekutaka tangu siku uliponiambia mishumaa yangu inanuka mafuta ya nguruwe."

"Ilikuwa inanuka."

"Ilikuwa inanuka. Sijauza mishumaa ile tena." Alisogea karibu, akaushika mti wa lango. "Unakumbuka miaka minne iliyopita, mlangoni mwa kanisa? Baba yako alisema mbele ya watu kwamba binti yake hataolewa na mchuuzi. Nilisikia. Nikajiambia, sawa, sitarudi kwake na jina hilo. Nimejenga ghala. Nimenunua kiwanja. Jumatano nikishinda, nitakuja mlangoni kwake nikiwa Mheshimiwa mjumbe wa Baraza, tuone kama ataniita mchuuzi tena. Ni siku nne tu, Effie. Subira huvuta heri."

"Na chelewa chelewa, je? Hilo hujafundishwa?" Machozi yalikuwa yanamlenga na hilo lilimwongezea hasira. "Laidlaw ameniposa."

Magnus aliuachia mti wa lango.

"Juzi. Alikwenda karakanani kwa baba, wakazungumza katikati ya mapipa. Anataka jibu langu siku ya uchaguzi, ashike kiti na mke siku moja, apunguze safari."

"Na baba yako?"

"Baba anasema Laidlaw ni mtu wa maana, na kwamba nifikiri. Mama anasema umri haurudi nyuma. Kila mtu kasema, Magnus. Kasoro wewe."

"Lakini wewe unajua moyo wangu!"

"Nitajuaje? Umewahi kuniambia? Miaka minne unabishana na baba yangu kimoyomoyo, yeye hajui, na mimi sijui. Unataka kiti ili umfunge mdomo yeye. Mimi niko wapi katika habari hiyo? Unaomba kura kwa kila mwanamume wa mji huu, hadi yule Dewar ambaye ni kiziwi. Mimi hujaniomba chochote. Mimi si pipa la baba, useme ukiwa na hati nzuri atakukabidhi."

"Nikikuomba sasa hivi..."

"Sasa hivi? Na makombo ya biskuti kidevuni? Hapana." Effie alifuta machozi kwa kiganja, akanyoosha mgongo. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, na alijishangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa hana woga. "Uchaguzi wenu unafungwa Jumatano saa kumi alasiri. Na mimi nafunga saa hiyo hiyo. Usipokuwa umeniuliza mpaka hapo, mimi mwenyewe, si baba, basi nitampa Laidlaw jibu lake, na wewe hutakuwa na haki ya kuuliza lilikuwa nini."

Akafunga lango. Magnus alibaki nje, kofia mkononi, akimtazama mpaka alipoingia ndani.

Jumatano ilifika na upepo mkali. Uchaguzi ulifanyika shuleni, na wanawake, ambao hawakuwa na kura, walikuwa na kazi ya chai. Effie alipangiwa meza ya mwisho, karibu na dirisha, birika kubwa mbele yake na saa ya ukutani juu ya kichwa chake.

Kura siku zile haikuwa siri. Mwanamume alisimama mbele ya meza ya Bwana Baxter, karani wa uchaguzi, akataja jina lake, kisha akataja kwa sauti jina la amtakaye, na Baxter akaandika. Wagombea walikaa jukwaani kwenye viti viwili. Aliyetajwa husimama, humshukuru mpiga kura kwa jina, kisha huketi. Hilo halikuandikwa popote, lakini ole wake aliyelipuuza. Uchaguzi uliopita mgombea mmoja alitoka nje kuvuta kiko chake, na ndugu saba wa ukoo mmoja, waliofika wakakuta kiti kitupu, walikasirika, wakamtaja mpinzani wake mmoja baada ya mwingine. Mtu yule alihama mji.

Kwa hiyo Magnus hakuondoka kitini tangu saa tatu asubuhi. Aliinuka, akashukuru, akaketi. Hakunywa chai. Lakini kila alipoketi macho yake yalivuka ukumbi hadi meza ya mwisho, na kila mara Effie alijifanya anahesabu vikombe.

"Anakutazama tena," Jean alinong'ona.

"Na atazame. Macho hayajawahi kumwoa mtu."

"Umekuwa mkali wewe! Akishindwa kuja utafanyaje? Utamkubali Laidlaw?"

Effie alipanga vikombe. Alikuwa amelala nalo swali hilo siku nne. "Hapana," alisema. "Sitamkubali Laidlaw hata kama Magnus hatakuja. Lakini na Magnus nitakuwa nimemaliza. Sitaki kuwa na miaka thelathini na moja, nimesimama langoni, nasubiri awe gavana."

Alisema kwa uthabiti, kisha akainua macho kuitazama saa.

Saa tisa na nusu, Laidlaw alikuwa na kura arobaini na tatu, Magnus arobaini. Mzee Durie aliingia. Watu waligeuka kumtazama, maana watu wa mji mdogo hawahitaji kuelezwa mambo. Alitembea hadi mezani, akavua kofia.

"Ebenezer Durie, fundi mapipa. Namtaka Bwana Laidlaw."

Laidlaw aliinuka, nadhifu, ndevu zimechanwa. "Nakushukuru, Ebenezer Durie." Kisha, kwa kuwa wakati huo hakukuwa na mtu mwingine kwenye foleni, aliteremka na kutembea hadi meza ya chai. Hakuwa mtu mbaya, Laidlaw. Alikuwa tu hajawahi kunyimwa kitu.

"Basi, Binti Durie. Baba yako amesema."

"Baba amesema la kwake, Bwana Laidlaw. Sukari?"

"Nilitumaini jibu."

"Uliniambia siku ya uchaguzi. Siku haijaisha."

Laidlaw alitabasamu kama mtu anayeruhusu mtoto acheze kidogo zaidi, akachukua chai yake na kurudi kitini. Saa ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na wapasua mawe wakaingia. Walikuwa kumi na moja, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, wametoka machimboni moja kwa moja. Kila mtu alijua ni watu wa Magnus, kwa kuwa aliwapa unga mwaka ule kazi iliposimama. Na kila mtu alijua jinsi walivyo wepesi kuudhika. Walijipanga. Wa kwanza, jitu lenye sauti ya radi liitwalo Muirhead, alivua kofia mbele ya Baxter.

Magnus aliinuka. Akaitazama saa. Akawatazama wapasua mawe. Kisha akashuka jukwaani.

"Rintoul!" rafiki yake mmoja alimwita kwa kunong'ona kulikosikika ukumbi mzima. "Una wazimu? Rudi kitini!"

Magnus hakurudi. Alipita katikati ya wanaume, akapita mbele ya Mzee Durie bila kumtazama, na Effie aliposhuhudia hilo, kwamba hakumtazama baba yake hata kidogo, aliweka chini kikombe alichokishika. Magnus alisimama mbele ya birika la chai. Karibu hivyo, Effie aliona jinsi alivyochoka, na kwamba amenyoa vibaya upande mmoja.

"Effie Durie," alisema, wala hakupunguza sauti. "Sijui kama nimeshinda au nimeshindwa, na nimechoka kungoja nijue. Huenda saa kumi nitakuwa muuza unga tu. Nakupenda. Ningekuambia miaka minne iliyopita kama ningekuwa na akili. Sikuombi kwa baba yako. Nakuomba wewe. Utakubali nikuoe?"

Jean alidondosha kijiko. Nyuma yao Muirhead alikuwa bado amesimama mezani, mdomo wazi, na wenzake kumi wamegeuza shingo.

Effie alikuwa amejiandalia maneno mengi, baadhi makali. Aliyaacha yote. Aliwaona wanawake wote wamesimama na vikombe, wanaume wote wamesimama na kofia, na meza ya Baxter na daftari lake wazi. Akaizunguka meza ya chai, akamshika Magnus mkono mbele ya mji mzima, akageukia mbele.

"Euphemia Durie," alisema, akitaja jina lake kamili kama mpiga kura, sauti yake ikafika hadi mlangoni. "Namtaka Bwana Rintoul."

Baxter aliinua kalamu, akaishusha, akavua miwani. "Binti Durie, samahani sana. Sheria hairuhusu wanawake..."

"Usiandike, Bwana Baxter. Yangu haiingii kwenye daftari lako."

Wa kwanza kucheka alikuwa Muirhead. Kicheko kilimtoka tumboni, vumbi likamtoka mabegani. "Na mimi nasema kama dada huyo! Andika, karani! Rintoul!"

"Rintoul!" akasema wa pili.

"Rintoul, na wala asirudi kitini," akasema wa tatu. "Anishukuru kutoka hapo hapo alipo."

Magnus aliwashukuru kutoka hapo hapo alipo, mmoja mmoja kwa jina, mkono wa Effie ukiwa ndani ya mkono wake. Alikosea majina mawili. Hawakuudhika. Saa kumi kamili Baxter alipiga mstari chini ya ukurasa na kusoma: Laidlaw arobaini na nne, Rintoul hamsini na moja. Kelele ziliinuka, kofia zikarushwa, na Magnus, ambaye tangu saa hiyo aliitwa Mheshimiwa, alisikia nusu tu ya yaliyosomwa kwa sababu Effie alikuwa anamwambia kitu sikioni.

Laidlaw alivaa glavu zake kidole kimoja kimoja. Kushindwa kiti alikuvumilia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Durie, na watu wakasogea kusikia.

"Durie, wewe ni mzee wa kanisa. Uliniahidi."

Effie alihisi mkono wa Magnus umekaza. Hakuuachia. Kama baba angesema hapana, alijua atakachofanya, na alijua hatalia.

Mzee Durie alimtazama Laidlaw, akamtazama Rintoul, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayemwona amekua ghafla tangu asubuhi.

"Nilikuahidi kura, Laidlaw," alisema. "Nimeipiga, na mji wote umeisikia. Nilikuahidi kingine?"

"Ulisema atafikiri!"

"Basi," alisema Mzee Durie, akivaa kofia yake, "si umemsikia amefikiri?"